Tiba ya muziki kwa wazee: kwa nini asiyekumbuka jina lako bado anakumbuka wimbo

Kwenye kipindi chetu cha zilipendwa tunapokea salamu nyingi, lakini kuna ujumbe wa aina moja ambao umekuwa ukijirudia. Msikilizaji anaandika kwamba bibi au babu yake hakumbuki tena majina ya watoto wake. Anauliza swali lile lile mara kumi asubuhi moja. Jioni anafunga kanga yake na kusema anataka kwenda kwao, wakati hapo alipo ndipo kwao. Halafu redio inapiga wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, na mzee huyo huyo anaimba kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kukosea. Swali linalofuata huwa ni hili: je, anatuigizia?

Haigizi. Na kwa sababu swali hili linagusa nyumba nyingi, na pia makazi ya wazee ambako wapo wazee wasio na wa kuwaulizia, tumeona tulieleze kwa maandishi, ili ulisome kwa nafasi yako na umsomee na mwenzako.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kusahau ulipoweka funguo ni jambo la kila mtu. Kusahau funguo ni za kazi gani ni jambo lingine. Hali hiyo ya pili, inapoendelea kukua mwezi hadi mwezi, wataalamu wanaiita demensia. Si uzee wa kawaida, ni maradhi ya ubongo, na aina yake inayoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyeueleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Kwa hiyo anayekwambia huu ni ugonjwa wa Wazungu, mwambie aangalie tena kijijini kwake.

Huku Kanda ya Ziwa jambo hili si la kuchekea. Bibi anayetoka nje usiku na kutangatanga, anayeongea peke yake, anayemwita marehemu dada yake kana kwamba amesimama mlangoni, amewahi kuitwa mchawi. Macho mekundu ya moshi wa jikoni yakiongezwa juu yake, maneno yanakuwa mengi. Tunajua wapo waliouawa kwa maneno ya namna hiyo. Ndiyo maana tunaona ni muhimu jirani akijua kwamba anachokiona ni ugonjwa, na kwamba ndani ya ugonjwa huo mtu bado yupo. Wimbo ni mojawapo ya njia za kumfikia.

Ubongo unahifadhi wimbo wapi

Kumbukumbu haikai kwenye debe moja. Jina la mjukuu aliyezaliwa mwaka jana, njia ya kwenda kisimani, namna ya kusuka mkeka, na wimbo wa ujana, kila kimoja kinategemea sehemu zake za ubongo. Ugonjwa wa Alzheimer huanza kushambulia sehemu zinazopokea mambo mapya. Ndiyo sababu mzee anaweza kukusimulia mavuno ya mwaka 1965 lakini hajui kama amekula mchana.

Mwaka 2015 watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Max Planck ya Leipzig, Ujerumani, walitoa matokeo ya kazi moja ya kuvutia. Kwanza waliwapima watu wenye afya ili waone ni sehemu gani za ubongo zinazofanya kazi mtu anaposikia wimbo anaoujua tangu zamani. Kisha wakaangalia ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer: sehemu hizo hizo zimeharibika kiasi gani? Wakakuta zimeharibika kidogo kuliko sehemu nyingine nyingi. Fikiria bonde wakati wa kiangazi. Shamba lote limekauka, lakini kuna kipande karibu na kisima ambacho bado kina unyevu na majani yake ni mabichi. Nyimbo za zamani zimepandwa kwenye kipande hicho. Ukame ukizidi na huko nako kutafika, ila kutafika mwishoni.

Kuna jambo la pili. Watu wengi hushika zaidi nyimbo walizozisikia kuanzia umri wa kubalehe hadi miaka 25 au 30 hivi. Ni miaka ya mambo ya kwanza: posa ya kwanza, safari ya kwanza ya mjini, kazi ya kwanza. Kwa hiyo wimbo unaomfaa mzee si ule wewe unaouita wa zamani, bali ule uliokuwa ukivuma yeye alipokuwa kijana. Mtu aliyezaliwa mwaka 1940 alikuwa na miaka 25 mwaka 1965, mwaka aliofariki Salum Abdallah wa Cuban Marimba ya Morogoro. Aliyezaliwa mwaka 1950 alitimiza miaka 20 wakati Morogoro Jazz ya Mbaraka na NUTA Jazz zinatamba. Aliyezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 huenda ni mtu wa Marijani Rajabu. Na kwa sababu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 redio ya nchi nzima huku Bara ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, wazee wa Bukoba na wa Lindi wanakutana kwenye nyimbo zile zile. Hiyo ni bahati ambayo wajukuu zao, kila mmoja na simu yake, hawataipata.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba kila mzee ni mtu wa dansi. Wanawake wengi wa vijijini hawakukanyaga ukumbi wa dansi hata siku moja. Nyimbo zao ni za harusi, za kutwanga, za kubembeleza mtoto, za kanisani au kaswida. Kwa mzee wa Kisukuma, ngoma ndiyo yenye nguvu. Muulize kama alikuwa upande wa Bagika au wa Bagalu uone kama hatanyanyua kichwa. Wapo waliolima kwa mdundo wa bugobogobo, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na wapo waliocheza wigashe, ngoma inayochezwa watu wakiwa wameketi. Kwa mzee asiyeweza kusimama, tunadhani hakuna ngoma iliyo bora kuliko hiyo, na ipo hapa hapa kwetu.

Wimbo kuwa tiba

Muziki kutuliza mtu si jambo jipya. Anayesoma Biblia anamkumbuka Daudi akimpigia Sauli kinubi. Lakini tiba ya muziki kama fani, yenye masomo na cheti, ni ya karne iliyopita. Chuo Kikuu cha Michigan State nchini Marekani kilianza kuifundisha mwaka 1944, na baada ya Vita Kuu ya Pili hospitali za askari waliojeruhiwa zilihitaji watu wa namna hiyo kwa wingi. Chama chao cha kitaifa kilianzishwa mwaka 1950. Mtaalamu wa tiba ya muziki hamchezei mgonjwa nyimbo tu na kuondoka. Anamchunguza, anaweka lengo, anachagua wimbo, anaimba au kupiga naye, anaona kilichobadilika, anarekebisha.

Kwenye zahanati ya kijiji hutamkuta mtu mwenye cheo hicho. Lakini mengi kati ya yaliyochunguzwa kwa wazee hayakufanywa na mtaalamu peke yake. Yalifanywa na walezi, wanakwaya na ndugu, na hapo ndipo habari hii inapotuhusu.

Nchini Sweden mtafiti Eva Götell na wenzake walichunguza jambo dogo sana: mlezi anapomsaidia mgonjwa wa demensia kuamka, kunawa na kuvaa asubuhi. Kazi hiyo wote waliowahi kuuguza wanaijua ugumu wake. Mzee haelewi kwa nini mtu anamvua nguo, anaogopa, anakataa, anaweza hata kupiga. Watafiti walilinganisha asubuhi za kawaida, asubuhi zenye muziki wa kurekodiwa, na asubuhi ambazo mlezi mwenyewe aliimba wakati akifanya kazi. Walezi walipoimba, walihitaji kutoa maelekezo machache zaidi, na wagonjwa walionekana kuelewa zaidi kinachofanyika na kushirikiana. Miili yao ilinyooka, mikono ilisaidia kuvaa. Hakikununuliwa chochote. Sauti ya mlezi haikuwa ya msanii.

Huko Marekani, Dan Cohen alianza mwaka 2006 kupeleka vifaa vidogo vya kuchezea muziki kwenye makazi ya wazee ya eneo la New York, kila mzee na nyimbo zake mwenyewe, na baadaye akaanzisha shirika la Music & Memory. Filamu iliyotokana na kazi hiyo, Alive Inside, ilitoka mwaka 2014. Humo yumo mzee anayeitwa Henry, ambaye ameinamisha kichwa na anajibu kwa shida sana. Anavalishwa hedifoni. Macho yanafunguka, mwili unaanza kucheza, na hedifoni zinapotolewa anaongea kuhusu mwimbaji anayempenda, Cab Calloway, na kumwimba. Kipande hicho kilizunguka dunia nzima kwenye simu. Ukikipata kitazame, ila kumbuka kwamba kinaonyesha dakika chache tu. Jioni ya siku ile haimo.

Kwa hiyo tuseme ukweli wa upande wa pili, maana wapo wanaouza matumaini. Mwaka 2018 wataalamu wa mtandao wa Cochrane, wanaokusanya tafiti na kuzipima kwa pamoja, walipitia tafiti 22 kuhusu muziki kwa watu wenye demensia, wengi wao wakiishi katika makazi ya wazee. Walikuta kwamba muziki unaotolewa kwa mpango, angalau mara tano, huenda unapunguza huzuni na kupunguza kwa ujumla tabia zinazosumbua. Kwenye ukorofi na kuhangaika peke yake, tofauti ilikuwa ndogo au haipo. Kwenye kumbukumbu na akili, vivyo hivyo. Wimbo haurudishi kumbukumbu. Mtu akikuuzia sidii au maji yaliyoimbiwa kwamba yataponya usahaulifu wa mama yako, weka pesa yako mfukoni.

Kuna matokeo mengine tuliyoyapenda, pengine kwa sababu yanawafaa watu wasio na wataalamu. Australia, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha wazee 318 wa makazi ya wazee wenye demensia na dalili za sonona, walilinganisha tiba ya muziki ya vikundi vidogo na kwaya ya kuimba kwa kujifurahisha. Baada ya miezi sita, kwaya ndiyo iliyopunguza dalili za sonona kuliko huduma ya kawaida. Tiba ya vikundi vidogo haikuonyesha tofauti hiyo. Kwaya! Na sisi huku kila kanisa lina kwaya mbili, kila madrasa ina watoto wa kaswida.

Kwenye makazi ya wazee

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mahali pa mzee ni kwenye familia, na makazi ni kimbilio la mwisho. Lakini makazi yapo: Bukumbi mkoani Mwanza, Kolandoto mkoani Shinyanga, Ipuli mkoani Tabora, Njoro mkoani Kilimanjaro, Nunge Dar es Salaam, Welezo Zanzibar, na mengine ya serikali na ya mashirika ya dini. Baadhi yalianza kama makazi ya waliougua ukoma. Wanaoishi humo mara nyingi ni wale ambao hakuna anayewadai. Wengine walitoka mbali wakiwa vijana kutafuta kazi, migodini au kwenye mashamba ya mkonge kama manamba, kazi ikaisha, na kwao hakuna tena anayewajua kwa sura.

Wageni huja Krismasi, Idi na siku ya wazee tarehe 1 Oktoba. Wanaleta sabuni, mchele, sukari, wanapiga picha, wanaimba wimbo mmoja walioufanyia mazoezi, wanaondoka. Sabuni inahitajika, hatuibezi. Ila tungependa kupendekeza kwa kwaya na vikundi vinavyojiandaa kwenda: nendeni mara nyingi, hata kila wiki mbili, na msiende kuimbia wazee, nendeni kuimba nao. Waulizeni wanajua wimbo gani, muanzie hapo. Kaeni kwa duara, si mbele kama jukwaani. Kama mzee anatoka Kigoma na kwenu hakuna anayejua wimbo wa Kiha, mtafuteni mwalimu au askari wa huko aliyepo wilayani, yupo tu. Demensia inapozidi wengi hurudi kwenye lugha ya utotoni, Kiswahili kikabaki nyuma, na wimbo wa lugha ya mama unaweza kuwa ndio mazungumzo yake ya kwanza baada ya siku nyingi. Kabla ya yote ongeeni na mfawidhi wa makazi na afisa ustawi wa jamii.

Sasa neno ambalo huenda hukulitarajia kutoka kwetu. Redio iliyowashwa tangu alfajiri mpaka usiku si tiba. Sisi ni watu wa redio na tunasema hivyo. Mtu mwenye demensia hawezi kuchuja sauti kama wewe. Taarifa ya habari, tangazo la mbolea, watu wanabishana mpira, singeli, vyote vinamwingia kwa pamoja na vinaweza kumchosha au kumtisha. Muziki unasaidia ukiwa na mwanzo na mwisho, nusu saa hivi, wimbo aliouchagua au uliochaguliwa kwa ajili yake, na mtu ameketi karibu. Baada ya hapo zima.

Ukitaka kuanza nyumbani

Andaa orodha. Waulize ndugu wa rika lake, shangazi, mashemeji, waliocheza naye ngoma. Anza na nyimbo tano au sita zilizovuma ujanani mwake. Kijana wa kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi anaweza kukuwekea, nawe ukazitumia kwenye ile redio ndogo ya kuchaji au kwenye simu. Kama nyimbo zake hazikuwahi kurekodiwa, ziimbe. Kama huzijui, mtafute bibi mwenzake aje aimbe, na wewe urekodi kwa simu.

Chagua saa. Wengi huhangaika zaidi jua linapozama, basi weka muziki kabla ya hapo, saa kumi au kumi na moja jioni. Wakati wa kuoga mwimbie polepole, na jambo unalotaka afanye lije ndani ya wimbo. Wimbo wenye mdundo wa kutembea unamsaidia hata mzee ambaye hatua zake zinakwama: tangu miaka ya 1990 Michael Thaut na wenzake nchini Marekani wameonyesha kwamba mdundo thabiti husaidia wagonjwa wa kiharusi na wa Parkinson kutembea kwa hatua ndefu na zenye mpangilio. Waliolima na bugobogobo hawatashangaa. Lakini mshike mkono, asije akaanguka kwa kunogewa.

Tukigusia kiharusi, wapo waliopoteza maneno kabisa lakini wanaweza kuyaimba. Madaktari wa Boston walieleza mwaka 1973 namna ya kutumia uimbaji huo kumrudisha mgonjwa kidogo kidogo kwenye kuongea. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa mazoezi ya kuongea kwenye hospitali kubwa, muulize daktari. Nyumbani unaweza tu kumwacha aimbe, bila kumcheka.

Usipandishe sauti sana. Kama hasikii vizuri, apimwe masikio kwanza, mara nyingine ni nta tu. Hedifoni ni nzuri kwenye chumba chenye wazee wengi, lakini asiachwe nazo peke yake.

Na mtazame usoni, hili ni kubwa kuliko yote. Wimbo unaweza kufungua kidonda. Ule unaoupenda wewe ndio ulioimbwa siku ya kumzika mtoto wake. Nyimbo zilizopigwa redioni wakati wa Vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, zinaweza kumfurahisha mzee mmoja na kumrudisha mwingine kwenye handaki. Aliyeokoka na kuuacha muziki wa dansi usimlazimishe kwa kuwa tu sasa hawezi kubisha. Machozi peke yake si dalili mbaya, watu hulia kwa kukumbuka vizuri pia. Ukiona anakunja uso, anaziba masikio, anasukuma, anaanza kupumua haraka, zima, mshike mkono, ngoja atulie.

Kitu kimoja zaidi kabla hujamwekea mzee wako nyimbo. Kuchanganyikiwa kunakokuja ghafla, kwa siku moja au mbili, huenda si demensia. Malaria, maambukizi kwenye njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au dawa zilizozidi vinaweza kumfanya mzee aongee yasiyoeleweka, na hivyo vinatibika. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa upande wetu, tunapokea maombi ya nyimbo za wazee kwa ujumbe mfupi kupitia namba ya studio. Tuandikie jina la wimbo kama unalijua, mwaka aliozaliwa mzee na wilaya alikokulia. Kama hujui jina, piga simu utuimbie kipande. Kwenye maktaba yetu dansi tunalo la kutosha. Tunazokosa zaidi ni nyimbo za Kisukuma na Kinyamwezi za miaka ya 1950 na 1960, hasa za wanawake, kwa hiyo ukiwa na bibi anayezijua na yuko tayari kurekodiwa, tuambie tumfuate alipo.